Mwaliko wa Florida

Granby, Ohio
6 Oktoba 1946

Kwako Baba,

Habari za nyumbani? Natumaini mgongo umepoa na Mama hajambo. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha Italia kila baridi ikizidi.

Chuo chetu ni kidogo, lakini mwaka huu timu ya mpira ina nguvu, maana wengi tumetoka jeshini na kocha akitufokea hatushtuki. Chumbani niko na Lucius Tibbs, mtu mweusi wa Dayton, aliyekuwa dereva wa lori la risasi kule Ufaransa. Akikumbatia mpira na kukimbia nao, kumwangusha ni kazi. Mimi humtangulia, nawagonga wanaomjia. Hatujashindwa bado.

Mwanao,
Wendell

Kentucky
20 Novemba 1946

Mwanangu Wendell,

Sisi wazima. Tumbaku imekauka vizuri. Mama yako ana mafua kidogo tu.

Gazeti limeandika kwamba mmemaliza msimu bila kushindwa na mmealikwa Florida, mechi ya Mwaka Mpya. Nimeikata habari hiyo nikaibandika dukani kwa Orville. Nitakuja, na nusu ya kanisa itakuja nami. Sijakuona ukicheza tangu ulipokuwa unavaa kaptula.

Hilo la chumba sikulijibu, kwa sababu sikujua niseme nini. Hivi Ohio nzima imekosa kitanda kingine?

Baba yako

Granby
1 Desemba 1946

Kwako Baba,

Mpe Mama pole ya mafua. Mimi sijambo.

Usikate tiketi. Jumatano kocha alitukusanya akatusomea sharti la wenyeji wetu: tunakaribishwa, ila Lucius abaki. Lucius akasema, "Nendeni tu, jamani. Mtanisimulia."

Nikamwambia, "Nyamaza, Tibbs, hujaulizwa."

Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka. Kocha akasema wanaotaka tukatae wanyooshe mikono, na kwa kuwa mimi ndiye nahodha, wote wakanigeukia. Baba, nilikufikiria wewe na watu wa kanisa. Kisha nikanyoosha. Na wengine wakanyoosha, mpaka wale vijana wa mwaka wa kwanza.

Najua umeshawaambia watu. Kwa hilo tu, nisamehe.

Mwanao,
Wendell

Kentucky
17 Desemba 1946

Wendell,

Hatujambo. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira.

Dukani niliwaambia goti lako limeharibika. Mama yako alikuwa anachagua vitambaa, akageuka, akasema mbele ya watu: "Goti la Wendell zima. Amekataa kwenda bila mwenzake." Orville akapunguza redio. Nikatoka, nikamsubiri garini. Tangu siku hiyo tunazungumza habari za ng'ombe tu.

Bado naona mmejinyima bure. Lakini mama yako anataka uje Krismasi na huyo Tibbs wako. Mlete. Sitatoka nje kumpokea, ila mlango sitaufunga.

Baba yako

Granby
20 Desemba 1946

Kwako Baba,

Nashukuru kusikia mko salama. Sisi pia wazima.

Barua yako nilimsomea Lucius yote. Alikuwa anakunja mashati, akaendelea kukunja. Kisha akasema, "Mama yako mshukuru sana. Mzee mwambie simlaumu, lakini nyumba ambayo mwenyewe hatoki kunipokea, mimi siingii." Hakuwa na hasira. Baadaye akaniuliza kama nakula supu ya mkia wa ng'ombe, maana mama yake huipika Krismasi.

Nakwenda naye Dayton. Nyumbani nitafika Mwaka Mpya, peke yangu, kwa treni ya mchana. Ukija stesheni nitafurahi. Usipokuja, nitatembea.

Mwanao,
Wendell