Kidole Kimoja cha Haidrojeni

Jumatatu, 6 Mei 1996

Bawaba nne za lango la kanisa. Moja imekataa kukaa sawa, nimeikata na kuianza upya. Miwani ya kuchomelea imepasuka kioo cha kushoto, kwa hiyo nimefanya kazi kwa jicho moja hadi saa sita.

Bwana Abdi, anayeuza vyuma chakavu kibanda cha pili, alikuja na chai na gazeti kama kawaida. Akanisomea tangazo. Serikali inatoa zawadi kwa yeyote atakayepata kitu cha kuwekwa ndani ya mtungi ili uhifadhi gesi ya haidrojeni kwa wingi bila kushindiliwa kwa nguvu nyingi. Mtungi huo lazima utoe gesi mara moja na nusu kuliko mtungi mtupu wa kimo kilekile. Ati ndiyo gesi ya kuendesha magari siku petroli ikiisha. Nilicheka. Petroli yenyewe hatuna.

Lakini jioni hii sicheki tena. Mwaka jana Abdi alinionyesha mtungi mkuukuu wa asetilini, ile gesi ya kuchomelea, uliopasuliwa katikati. Ndani haukuwa mtupu. Ulikuwa umejaa kitu kama jiwe jepesi lenye vitundu vingi. Gesi inakaa humo kwenye vitundu, imetulia. Mzee Were aliyenifunza kazi alipoteza jicho kwa sababu ya gesi iliyokosa kutulia.

Nitaijaribu.

Jumatano, 8 Mei

Ofisi ya wilaya. Nimekaa kwenye benchi saa mbili nzima. Afisa anaitwa Ogutu. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Akauliza fomu ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akauliza ni ya mume wangu? Nikasema mume wangu ni mwashi, hajui gesi. Akauliza nimesoma hadi wapi. Darasa la saba, kisha polytechnic ya kijijini, kuchomelea. Akasema haya ni mashindano ya wataalamu.

Nikamwomba anionyeshe mahali palipoandikwa hivyo. Hakupata. Nimerudi na fomu.

Jumamosi, 18 Mei

Magunzi ya mahindi. Magunia mawili kutoka kwa mama, Uriri. Nimeyachoma kwenye pipa lililofunikwa hadi yakawa makaa, kisha nikayapitishia mvuke yakiwa mekundu bado. Mara tatu yamegeuka majivu. Mara ya nne yamebaki meusi, mepesi, ukigusa yanalia kama vigae.

Majirani wanauliza kama nimeanza kuuza makaa. Mmoja amesema mwanamke wa kuchomelea hakutosha, sasa anapika magunzi. Wacha waseme. Mikono yangu ni myeusi hadi kwenye viwiko na nimefurahi.

Alhamisi, 30 Mei

Gesi imefika. Kila mshindani amepewa mtungi mmoja wa haidrojeni, na kipimo chake na mpira wake. Ogutu mwenyewe ameuleta kwa gari la serikali. Safari hii alitabasamu. Nasikia wilaya nzima ni mimi peke yangu niliyerudisha fomu.

Nimetengeneza mizani yangu ya gesi. Pipa kubwa la maji, na ndani yake pipa dogo limepinduliwa. Gesi ikiingia chini ya pipa dogo, linapanda. Unapima limepanda vidole vingapi. Mtoto anaweza kusoma.

Vyombo viwili vya kimo kimoja. Kimoja kitupu, kingine kimejaa makaa yangu. Asubuhi nimepima kile kitupu. Vidole ishirini na vinane.

Ijumaa, 31 Mei

Saa saba mchana. Chombo cha makaa. Thelathini na viwili.

Nimehesabu mara mbili. Thelathini na viwili. Vinne zaidi. Nilikaa chini kwenye mchanga. Abdi alileta soda na kusema alhamdulillahi kana kwamba ni yeye aliyechoma magunzi.

Ogutu akaja saa tisa. Nikamweleza. Akatoa fomu akaandika papo hapo: mara moja na nusu. Nilimwona akiandika. Ishirini na nane na nusu yake ni arobaini na mbili. Hesabu hiyo naijua. Nilinyamaza. Alikuwa ameniita fundi kwa mara ya kwanza, na nilitaka aendelee kuniita hivyo.

Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuona.

Jumanne, 4 Juni

Kitu kinanikera tangu Jumapili. Kile kitupu nilipima asubuhi, kivulini. Cha makaa nilipima mchana, jua kali, na pipa dogo ni jeusi. Nilipoligusa siku ile liliniunguza kidogo. Hewa ikipata joto inatanuka. Kila fundi wa magurudumu anajua.

Leo nimepima vyote viwili alfajiri, kabla ya jua. Kitupu, ishirini na vinane. Cha makaa, ishirini na vinane.

Kisha nikazungushia vyombo vyote viwili magunia yenye maji ya baridi, nikangoja, nikavijaza tena, nikapima. Kitupu, ishirini na vinane na unywele. Cha makaa, ishirini na tisa.

Kidole kimoja. Basi. Vile vingine vilikuwa vya jua.

Nimelia. Si kwa sababu ya zawadi. Kwa sababu ya mchanga ule nilioukalia nikijiona mtu mkubwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Ogutu arekebishe fomu. Fomu ilikwisha tumwa, akasema. Nikamwambia tutume barua. Akafunga mlango. Akasema mkuu wake ameshasimulia jambo hili kwenye mkutano, wilaya yetu imetajwa kwa heshima. Akasema hakuna atakayepima, kifaa cha kupimia kimeharibika huko Nairobi na waamuzi watasoma makaratasi tu. Nikamwambia hata hivyo ni uongo. Hapo akanitazama vizuri.

"Mama Konsolata, ploti mpya za mafundi wa jua kali zinagawanywa mwezi huu. Orodha iko kwenye meza hii. Wewe nenda Homa Bay kwenye mashindano, simama, shukuru, rudi. Kuna ugumu gani?"

Nilitoka na hasira hata nikasahau kibali changu, ile karatasi ya kuingilia ukumbini. Nimerudi kuichukua. Hata hiyo nimeichukua bila kusema asante.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Odhiambo kila kitu, hata kunyamaza kwangu. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Aliuliza kibanda tukikosa tutafanya nini. Nikasema sijui. Akaendelea kula. Kisha akasema, "Nyar Uriri, mimi nikijenga ukuta uliopinda, mvua inausema. Wewe nani atausema wako?"

Huniita hivyo, binti wa Uriri, akitaka nisikie. Nimesikia.

Alhamisi, 13 Juni

Abdi amejua. Amesema nishukuru tu halafu nichukue ploti, nina watoto wawili. Hakusema kwa ubaya. Yeye ni mgeni hapa, ametoka Garissa, amejifunza kutogombana na ofisi yoyote. Nilimwuliza kama angeniuzia mtungi wenye ufa na kuniambia ni mzima. Akakasirika, akaenda na kikombe chake.

Baadaye akarudi, akaniachia kamba ndefu ya kufungia mapipa safarini.

Jumanne, 18 Juni

Homa Bay. Nimefika na mapipa yangu mawili, vyombo viwili, mtungi wa gesi na gunia la makaa. Askari wa lango aliniuliza kama nauza maji.

Chumba cha kulala kinatazama ziwa, lakini ziwa lenyewe halionekani, ni magugu maji tu, kijani kibichi hadi mbali. Mwenye nyumba anasema boti za kutoka Takawiri zimeshindwa kufika ufukweni wiki yote. Kesho nitasema. Nimejaribu kusema mbele ya kioo. Sauti inakwama kwenye neno "nilikosea". Nimelirudia hadi limekuwa neno la kawaida.

Jumatano, 19 Juni

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Ukumbi, washindani watatu. Mimi, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi mwenye unga wa chuma wa kijivu, na mzee mmoja mwenye udongo mwekundu. Mwamuzi mkuu ni mwanamke, Dkt. Nekesa, mtaalamu wa kemia. Viatu bapa, nywele zimekatwa fupi. Ogutu amekaa mstari wa mbele.

Kweli walikuwa wanasoma makaratasi tu. Unga wa mwalimu, mara mbili. Udongo wa mzee, mara moja na robo tatu. Yangu, mara moja na nusu. Watu wakapiga makofi. Nikaitwa kushukuru.

Nikasimama. Nikasema fomu yangu si ya kweli. Nikasema nilipima juani, nilikosea, na hata hicho nilichopima hakikuwa kile kilichoandikwa. Nilikiona kikiandikwa na sikukataa. Nikasema kweli yangu ni kidole kimoja, tena kwa magunia ya maji.

Ogutu akainuka akasema mama huyu amechoka, amesafiri. Nikasema sijachoka. Nikasema mapipa yangu yako nje chini ya paa, na maji yamo. Asiyeamini aje apime. Na mwenye mara mbili alete mara mbili yake.

Dkt. Nekesa akavua miwani. Akauliza kipimo hicho kinafanyaje kazi. Nikamweleza kwa maneno machache. Akakusanya makaratasi yote, akayaweka chini ya kiti chake, akasema, "Twendeni nje."

Tumepima hadi saa kumi. Kivulini, vyombo vimezungushiwa magunia yenye maji ya baridi, kila kimoja mara tatu, yeye mwenyewe amepiga magoti kwenye tope akisoma vidole. Kitupu, ishirini na vinane. Udongo wa mzee, kumi na tisa. Pungufu kuliko chombo kitupu, maana udongo umekula nafasi. Mzee akacheka, akasema basi ni udongo wa kutengeneza vyungu. Unga wa mwalimu, kumi na sita. Mwalimu akasema chuma kile kinashika gesi kweli, lakini hakiiachilii bila moto mkali, na ile mara mbili aliipata kitabuni. Alisema akitazama viatu vyake. Nilimhurumia. Mimi pia nilikuwa na mara moja na nusu.

Yangu, ishirini na tisa. Mara tatu, ishirini na tisa.

Hakuna aliyefikia. Hakuna zawadi. Dkt. Nekesa amesema hivyo mbele ya wote, wazi. Kisha akanijia nikiwa namwaga maji.

"Dada, nimezunguka mikoa minne. Hiki kidole kimoja ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kwa macho yangu."

Akachora mapipa yangu kwenye daftari lake, akauliza jina langu lote, akaliandika chini ya mchoro. Atawaonyesha wenzake wapime hivyo kila mahali. Nikamwambia aongeze kwamba pipa dogo lisipakwe rangi nyeusi. Akaandika.

Alhamisi, 20 Juni

Nimerudi. Ogutu alinipita kituoni kwa gari lake, hakunitazama. Mimi nilimtazama hadi gari likapotea. Najua atafanya nini. Afanye.

Jumatatu, 1 Julai

Orodha ya ploti imebandikwa. Abdi yupo. Fundi wa redio yupo. Mtu anayeuza viatu na hajawahi kushika nyundo yupo. Mimi simo. Vibanda vya zamani vinabomolewa Ijumaa.

Nimekwenda ofisini. Nimesimama mbele ya meza ya Ogutu na kusema kwa sauti ya kusikika nje kwamba najua sababu, na yeye anajua kwamba najua. Akasema niandike malalamiko. Nimeyaandika hapo hapo, kurasa mbili, nikadai muhuri. Karani ameupiga. Ogutu alijifanya anatafuta faili.

Sijuti. Nimejiuliza vizuri nikiwa nimekaa peke yangu, na sijuti. Nina hasira, hilo ni jambo lingine.

Odhiambo na Abdi wamenisaidia kubeba mashine. Tumeiweka kando ya ukuta wa nyumba, upande wa barabara ya Masara. Odhiambo ameanza kujenga nguzo.

Ijumaa, 12 Julai

Siku nne bila mteja. Leo mmoja.

Mwanamke wa makamo, baiskeli imevunjika shingo, gunia la mahindi limeachwa kwa jirani. Nimesugua kutu, nimechomelea pande zote mbili, nimeongeza kipande cha bomba ndani. Kazi nzuri, lakini chuma chenyewe kimezeeka.

Akauliza kama itabeba gunia zima hadi sokoni. Nikamwambia hapana. Nusu, ndiyo. Gunia zima litavunja tena, si hapa nilipochomelea, bali karibu yake. Akanuna. Akasema fundi mwingine angesema ndiyo. Nikasema labda.

Akaondoka akiisukuma. Baada ya kitambo nimemwona akipita barabarani, amepakia nusu gunia, anaendesha polepole. Alinipungia mkono bila kugeuka. Nusu nyingine ataifuata kesho.

Nimefagia, nimefunika mashine. Kuna mawingu upande wa ziwa, lakini sidhani itanyesha.