Kaka, Ulinichongea kwa Watu wa Uhamiaji

Leicester, Uingereza
Novemba 1997

Kaka Kiplangat,

Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima, na kwamba mkono wako hauumi sana siku za baridi. Nakutakia uzima kwa sababu nataka uisome mpaka mwisho. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasikia.

Jumanne moja mwezi uliopita niliitwa kwenye ofisi ya uhamiaji. Ule mwaka niliopewa wa kusomea kazi ya kutunza wazee ulikuwa umekwisha, na nilikuwa nimepeleka pasipoti ili niongezewe mwingine. Nilivaa kabuti niliyopewa kanisani, nikaenda nikidhani nitagongewa muhuri nirudi darasani. Ndani nilimkuta ofisa mwanamume na mama mmoja wa Tanga aliyeletwa kutafsiri. Nikamwambia ofisa najua Kiingereza.

"Mtafsiri si wako," akasema. "Ni wa hii."

Akanisukumia karatasi. Ilikuwa imetumwa chuoni kwetu, haina jina la mwandishi. Yule mama wa Tanga akakohoa kidogo. "Dada, nimeisoma mara tatu. Hapa inasema ulimpika kaka yako kwa jembe, ukafungwa Kericho."

Ulimpika! Mama wa watu amehangaika asubuhi nzima, hajui kama amekaa karibu na mtu aliyekula mtu. Ilibidi mimi mwenyewe nimweleze kwamba kwetu wengine wakitaka kuandika "piga" huandika "pika". Kaka, sikuhitaji hata kuangalia mwandiko. Lakini niliuangalia, nikaona ile "k" yenye mguu mrefu, ile uliyonifundisha mwenyewe nikiwa darasa la kwanza. Nililia pale mbele yao. Ofisa alifikiri nalia kwa kuogopa.

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli nilimpiga."

"Ulipofika uwanja wa ndege uliulizwa kama umewahi kuhukumiwa kortini. Ulijibu nini?"

"Nilijibu hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningesema ndiyo, mngenirudisha na ndege ileile."

Akaandika. Hiyo ni dhambi yangu, sikutwiki wewe. Nilidanganya, na nilijua nadanganya. Na mkono wako niliuvunja mimi. Hata mbele ya hakimu sikukataa. Lakini wewe ulimwambia hakimu ulikuwa unafanya nini shambani kwangu asubuhi ile? Ulimwambia ulikuwa umeshang'oa safu nne za chai, katika kipande ambacho Baba alinionyesha mbele ya wazee, kwa sababu ati msichana hana chai kwa boma la baba yake? Nilitumikia miezi sita. Nilipotoka nilidhani tumemalizana.

Sasa pasipoti yangu iko kwao. Siruhusiwi kusoma, siruhusiwi kufanya kazi, na kila Jumanne nakwenda kuweka sahihi mbele ya karani ambaye hata hainui macho. Wakili anayenisaidia anasema wanaweza kunirudisha kabla ya Krismasi, au wakae mwaka mzima bila kusema lolote. Nikisikia mlango wa chini ukigongwa, navaa viatu kwanza, ndipo nasikiliza ni nani.

Na wewe hukungoja. Mama ameniarifu kwamba umeshawatangazia watu wa Kimulot eti nimefungwa Uingereza, na umeanza kuchuma ile chai na kuipima kwenye kituo cha kununulia chai kwa namba yako. Anwani ya chuo uliitoa kwenye barua niliyomwandikia yeye. Alikuamini umsomee, ukakaa jikoni kwake ukinywa maziwa yake ya mursik, huku unainakili. Siku hizi anasomewa na mke wa pasta, na ndiye aliyemwandikia hii barua yake iliyonifikia.

Basi nisikilize. Nimemwandikia chifu awaite wale wazee walioona Baba akinionyesha mpaka. Wawili bado wako hai, na mmoja hakupendi. Chai itachumwa na Mama mpaka nirudi, nikifukuzwa au nikija kwa hiari yangu. Kama unataka kuing'oa tena, ing'oe yeye akiwa amesimama hapo anakutazama.

Vilevile nimemwandikia pasta, na nimemwomba aisome barua hiyo kanisani Jumapili ya kwanza ya Desemba, baada ya matangazo. Nimeeleza yote: jembe, jela, uongo niliomwambia ofisa, na karatasi niliyoonyeshwa. Wakili aliniuliza kama nina hakika nataka kujianika hivyo. Nikamwambia nimechoka kuogopa kwamba fulani anajua nini juu yangu.

Nisalimie Mama, umwambie ile sweta aliyonifumia ndiyo nalala nayo. Nisalimie mke wako Rael, ambaye hajanikosea kitu, na binti zako wawili. Wakikuuliza shangazi yao amefanya nini, waeleze. Na ukifika pale pa kusema ulifanya nini wewe, usiruke.

Wewe sina salamu zako. Jumapili hiyo nenda kanisani, ukae mbele. Pasta akimaliza kusoma, watu watageuka wakuangalie. Mimi nimeshaangaliwa vya kutosha.

Ni mimi dada yako,
Joyce Chepkorir