Picha ya Kichuguu

Jumamosi, 22 Machi

Uyoga leo umeota kila mahali. Mwekundu mdogo kwenye gogo la mti wa mtundu, wa njano pembeni ya shimo la mbolea, mweupe nyuma ya kabichi ambao hata kuku hawausogelei. Nimeupiga picha wote. Kulala kifudifudi kwenye tope, simu chini kabisa, kamera nimeifuta kwa ncha ya kitenge. Jirani kapita njiani kacheka. Acheke. Yeye simu yake inapiga sahani za pilau.

Kisha ule wa kichuguuni. Huo napiga kwa karibu tu, kofia na udongo kidogo, usijulikane uko wapi. Mama alinionyesha mimi peke yangu, nilipoachika na kurudi hapa Kabungu. Alisema shamba ni la kaka yako, hilo sina uwezo nalo, ila uyoga wa kichuguu ni wako. Kwetu ndivyo unavyorithiwa, mama kwa binti mmoja, na huonyeshi mtu. Hata padre. Sina kitu kingine hapa ninachoweza kukiita changu.

Nimemtumia Mama picha kwenye simu ya wifi. Miguu yake imekataa tangu mwaka jana, yuko Mpanda mjini kwa kaka Deo. Akisikia mvua kwenye bati anauliza uyoga.

Jumapili, 30 Machi

Wifi kapiga, kampa Mama simu. Mama anataka picha ya mbali. "Rudi nyuma kidogo, nikione kichuguu chote." Nikamkumbusha kwamba aliyenikataza ni yeye. Akasema ataitazama yeye tu, halafu wifi ataifuta.

Mama kakumbuka kwake, basi. Nikarudi nyuma mpaka kwenye uzio wa minyaa. Kichuguu chote, kabichi zote, mpaka mlango wa choo. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nimeituma. Bando limekwisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Deo kaja na pikipiki bila taarifa. Hakukaa, hakunywa hata maji. Kaenda moja kwa moja nyuma ya bustani. Moja kwa moja! Mtu ambaye miaka yote hii hakujua hata choo kilihamia wapi. Kakizunguka kichuguu, kakipiga kisigino, kachukua udongo kaukanda kiganjani kwa mate. Eti udongo wa kichuguu ndio wenyewe, tofali hazipasuki. Anataka kujenga.

Nikamwambia pale kuna uyoga. Kasema uyoga upo sokoni.

Nimembembeleza. Aibu yangu. Nikamwomba achukue upande mmoja, aniachie ule unaotazama bustani. Kasema sawa, kawasha pikipiki. Nimeosha vyombo kwa hasira mpaka kikombe kikang'oka mkono.

Wifi hakuifuta ile picha. Nyoka yule.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka jana, leo majembe. Vijana wa tofali wamefika asubuhi na vibao vyao vya kufyatulia. Upande mmoja, nikawaambia. Wakaanza upande mmoja. Kufika mchana pande zote. Nikawaambia nyie, kaka yangu alisema upande mmoja. Wakasema wao hawakuambiwa hivyo.

Wamemtoa malkia wa mchwa, mnene kama kidole gumba, wakacheka, wakamtupa. Kuku wangu mwenyewe ndiye aliyemla.

Nikawaambia pia mvua hazijaisha, tofali mbichi hazitapona. Wakaendelea kuchimba. Deo hana subira, na wao ni watu wa Deo.

Nimempigia wifi nikamtukana. Maneno yale siyaandiki hapa. Kasikiliza mpaka mwisho. Kakata simu.

Jumanne, 22 Aprili

Shimo tu. Sijapiga picha.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda Mpanda baada ya misa ya kwanza. Nilitaka Mama asikie kutoka kwangu mimi. Njia nzima napanga maneno. Wifi kanipokea mzigo, kanipa maji, hakuniangalia usoni.

Mama alikuwa sebuleni. Godoro lake limekunjwa nyuma ya kochi, wajukuu wanatazama katuni juu ya kichwa chake. Chumba alichokuwa nacho sasa kina mabinti wa Deo, wamekuwa wakubwa. Hakuwahi kuniambia kwenye simu.

Nikamweleza. Kichuguu hakipo, wifi kaonyesha picha, Deo kaleta watu. Mama akawa anatazama mikono yake.

"Ile picha niliiomba kwa ajili ya Deo," alisema. "Aliahidi akiuona udongo ananijengea chumba. Nimechoka kulala sebuleni, mwanangu."

Nikamwambia angeniambia.

"Ungekataa."

Ningekataa. Ndiyo. Chai imeletwa, tumekunywa, na muda wote ule nimemchukia mama yangu mzazi. Alinipa mwenyewe, kaninyang'anya mwenyewe, na kamera yangu ndiyo aliyoitumia. Wifi nimemtukana bure. Nilitaka kumwomba radhi, mdomo ukagoma. Wakati wa kuondoka kaniwekea ndizi kwenye mfuko. Nimezigawa zote stendi.

Jumamosi, 3 Mei

Mchana wingu limepanda upande wa Sibwesa. Tofali zimepangwa nje, bado mbichi. Vijana wamekwenda mjini, simu ya Deo haipatikani.

Nikakaa mlangoni. Inyeshe, nikasema. Inyeshe zote zirudi udongo. Nilimaanisha. Nilikaa hivyo mpaka matone ya kwanza yakagonga bati.

Kisha nikatoka. Turubai halikutosha. Nimeng'oa mabati ya banda la kuku, nimekata majani ya migomba, mwisho nimeleta shuka za kitandani kwangu. Nimeloa mpaka mifupa. Mvua haikuwa ndefu. Safu ya pembeni imelainika kingo, zilizobaki nzima.

Jioni Mama kapiga kwa simu ya wifi. Kauliza kama huku kumenyesha. Nikamwambia kumenyesha, tofali zako ni nzima.

Kisha akauliza kabichi zinaendeleaje, nikamwambia zimefunga vizuri.