Jicho la Mkaguzi

Jumatatu, 3 Februari

Panzi watatu asubuhi, mmoja mchana. Maji kwenye majani. Mkaguzi amekula wote wanne bila adabu, ulimi nje kabla sijatoa mkono. Nimempa alama zote.

Wiki ya tatu sasa tangu Baba Neema ashushe kabichi za Mgeta, kule milimani, na kumkuta huyu kinyonga katikati ya mzigo. Yeye, mume wangu, dereva wa lori la tani saba, alikimbia mpaka getini. Nikamchukua mimi. Pembe tatu puani, urefu wa kiganja. Nimemwita Mkaguzi kwa sababu jicho moja linakutazama wewe na jingine linatazama andalio lako la somo. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, wakaguzi nawajua.

Leo ngozi imepauka. Anataka kujivua.

Jumatano, 5 Februari

Ngozi ya mgongoni imechanika, inaning'inia vipande vipande. Jirani, Mama Siwema, amechungulia dirishani akauliza kama na huyu anajivua gamba kama wale wakubwa wa chama kwenye redio. Tumecheka sana. Kisha akakumbuka kuwa anamwogopa, akaenda zake.

Joto la hapa Bigwa leo halisemeki. Paka wa Mama Siwema kalala kwenye sinki letu.

Alhamisi, 6 Februari

Ngozi imegoma. Miguuni imekauka na kumbana kama soksi iliyorudi baada ya kufuliwa. Nimempaka mafuta ya nazi, taratibu, kidole kwa kidole, kama nilivyowapaka Neema na mdogo wake. Amekuwa mweusi kwa hasira lakini ametulia. Mtoto mzuri.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda misa. Nimekosea. Mafuta yameshika vumbi, ngozi imegandamana, na jicho la kushoto limefungwa. Nimemwekea panzi. Ulimi umetoka, umepiga kando. Mara tano. Mara ya sita hakujaribu. Bila macho mawili hajui panzi yuko umbali gani, na bila panzi atakufa.

Mimi, mtu mzima, mwalimu, nampaka kinyonga mafuta kama mtoto mchanga. Sifuri. Sifuri ya kalamu nyekundu.

Jumatatu, 10 Februari

Kwa daktari wa mifugo, Mkaguzi kwenye beseni, kanga juu. Foleni: mbuzi, majogoo, mimi. Watu walipojua ndani kuna nini nikapata benchi zima peke yangu.

Daktari hakucheka. Nisiivute ngozi, nitaumiza jicho. Mafuta basi. Nimnyunyizie maji kivulini, mara kwa mara. Kisha akasema nisichotaka kusikia.

"Mwalimu, huyu ni wa baridi na ukungu. Huku chini hewa yenyewe inamkausha. Mrudishe."

Nimemjibu nitamrudisha akishapona. Nilikuwa nadanganya.

Jumatano, 12 Februari

Nanyunyiza kila nusu saa. Vidole vitatu vimeachia. Jicho bado. Namwekea panzi mdomoni, anatema. Mbavu zinahesabika.

Baba Neema amesimama mlangoni, ndani haingii, akalalamika kwamba yeye alipougua malaria hakunyunyiziwa hata tone. Muongo mkubwa. Nilimkanda siku nne. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba Ijumaa anapanda Mgeta kufuata karoti na kiti cha mbele kina nafasi.

Nikaendelea kunyunyiza. Nyumba ina vyumba vitatu, watoto wako Dodoma na Mwanza. Tangu nistaafu hakuna kiumbe anayenisubiri asubuhi isipokuwa huyu. Nampenda huyu mdudu. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemkuta chini ya tawi, kalala ubavu. Hai.

Nimemwambia Baba Neema twende. Kwa sharti: apate baridi, apone, jioni narudi naye.

Ijumaa, 14 Februari

Beseni mapajani, tawi la mpera ndani yake. Baba Neema aliendesha amejibana kwenye mlango wake kama mimi ndiye mwenye pembe. Nusu ya mlima nikagundua chupa ya kunyunyizia nimeisahau mezani. Nikalia kidogo. Akajifanya anatazama kioo cha pembeni.

Tukaingia kwenye ukungu. Nikashusha dirisha, ukaja wote ndani, nikatetemeka. Mkaguzi akaanza kubadilika. Ile rangi ya tope ikaondoka, akawa kijani ambacho sikuwahi kukiona Bigwa. Akausugua uso kwenye tawi. Akasugua tena. Ngozi ya kichwani ikatoka yote kwa pamoja, hata ya jichoni, laini kama ganda la kitunguu, ikaangukia kwenye kanga yangu. Jicho likazunguka, likanitazama. Baba Neema akasimamisha lori katikati ya njia.

Nimefurahi. Pia nimeumia, sitaficha. Siku zote hizo nimehangaika, ukungu umemaliza kazi kwa kona tatu.

Shambani tukamwamkia bibi mwenye karoti. Shikamoo yetu aliiitikia kwa mbali alipoona beseni. Nikamshika Mkaguzi karibu na uzio. Nzi akapita. Ulimi. Hakukosa.

Karoti zikapakiwa. Baba Neema akaja, akasimama hatua nne kutoka kwangu, akauliza kwa upole, "Tunarudi naye?"

Hapo ndipo neno liliponijia. Kuuguza. Nimelifundisha maisha yangu yote: kumtunza mgonjwa. Lakini kitenzi chenyewe kimetoka kwenye kuugua, kama punguza ilivyotoka kwenye pungua. Kumfanya mtu augue. Wanafunzi walikuwa wakiuliza ni ipi maana sahihi. Nilikuwa nawajibu ile ya kwanza.

"Mwezi mzima nimemuuguza," nilimwambia. "Inatosha."

Nikauweka mkono wangu kwenye tawi la uzio. Alifikiri sana kabla ya kila hatua. Mguu wa mwisho ulichelewa kuniachia kidole, au nimejitungia tu. Akapanda. Hakugeuka.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeamka, nikatoka nyuma kutafuta panzi. Nimeshika mmoja kabla ya kukumbuka. Nimemwachia.

Baba Neema anapanda tena kesho. Ameniuliza aniletee nini kutoka juu. Nimesema karoti. Akasubiri.

Karoti tu, nimesema. Na atazame vizuri kabla ya kufunga mzigo, asije akamshusha mwenzake na Mkaguzi.