Juzuu ya Mgeni

Mjukuu wangu Salma,

Huku Mkomani tu wazima, alhamdulillahi, na goti la babu yako limepata nafuu. Umeuliza mbona hapa Amu hatukuwajengea mnara wale waliozama baharini, nti nzima ikalia. Wakati huo nilikuwa msichana. Kwenye hitma yao kila mtu alishika juzuu ya Msahafu, akamtaja marehemu wake. Jirani yetu Bi Zena hakufiwa na mtu, lakini naye alishika.

"Namsomea yule mgeni aliyezama nao, tuliyemzika bila kumjua jina," alisema.

Akamsomea kila mwaka mpaka akafa. Wallahi, sijaona moyo kama ule! Sasa juzuu ile naisoma mimi, na macho yamechoka. Mwaka huu njoo, umsomee wewe.

Bibi yako