Punje ya Kahawa kwa Muuaji

Jumatatu, 3 Juni
Nimetafsiri filamu mbili tangu saa nane, koo limekauka. Watazamaji wanane, mmoja kalala. Mama Koku, mwenye kibanda umiza hiki cha video, amesema basi: kuanzia wiki ijayo ni mpira tu, na mpira hauhitaji mtu wa kutafsiri. Nimeumia. Hapa Kaisho kipaza sauti hiki ndiyo kazi pekee ninayoipenda. Nimembembeleza, kanipa hadi Jumapili. Nitaweka ile ya muuaji wa mfalme wa kale, muuaji ambaye rafiki yake anamsaliti. Hakuna anayeijua. Mimi nimeitazama mara nne.

Jumatano, 5 Juni
Nimeijaribu. Aibu. Wale wawili wanaapa kwa kunywa bakuli moja, kisha mmoja anamuuza mwenzake. Hakuna aliyeshtuka. Mzee Kahigi, mfugaji, akaniambia taratibu, "Kunywa pamoja ndiyo nini? Mimi pombe ya rubisi nakunywa hata na mwizi wa ng'ombe wangu." Wakacheka, wakatoka.
Mzee hakukosea.

Alhamisi, 6 Juni
Kuchuma kahawa na mama. Nikamlalamikia. Akaminya tunda moja, zikatoka punje mbili. Akanikumbusha babu na rafiki yake: walichanjiana wakawa ndugu wa damu, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Anayesaliti huvimba tumbo.
Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Juni
Nilitangaza nje ya kanisa: leo ni filamu ya watu waliochanjiana. Wakajaa. Bakuli lilipotokea nikasema ndani mna punje mbili na damu. Waliokaa nyuma wakasogea mbele. Kwenye usaliti mama mmoja alisimama akamlaani yule mtu. Mzee Kahigi akataka kujua ni wa ukoo gani.
Balaa likawa mwishoni. Muuaji anakufa, msaliti anakula karamu. Watu wakagoma kutoka. Mbona tumbo halivimbi? Bahati nzuri yule mshenzi wa kwenye filamu akashiba, akajipapasa tumbo.
"Limeanza," nikasema.
Kelele zile goli halijawahi kuzipata. Mama Koku mwenyewe alikuwa juu ya benchi. Kipaza sauti nimeachiwa. Nina furaha ya kijinga.

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi Mzee Kahigi kaja na kidumu cha maziwa, akaomba nimpeleke Nyakasimbi kwa pikipiki. Huko kuna mtu aliyechanjiana naye ujanani. Miaka mitatu hawasemeshani, kisa ndama. Njiani alikipakata kile kidumu. Mwenzake alitoka migombani na panga mkononi, akamtazama, akaliweka chini. Wakashikana mikono, hawakuachiana. Nikaenda kutafuta kivuli cha kuegesha pikipiki.