Kitabu cha Pomboo, Jina la Mwalimu Banza

Siku ya kwanza, Jumatatu 3 Machi

Nimefungua chumba cha kusoma cha parokia saa mbili. Nimefagia. Mvua imeingia tena upande wa kamusi, tatu zimelowa, nimezianika dirishani. Wasomaji wanne tu. Wa kwanza Mwalimu Banza, kama kawaida, na miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

Mu kartoni iliyokuja na treni ya Lubumbashi mna kitabu kikubwa cha picha, Kifaransa, juu ya wanyama wa bahari wanaopumua hewa. Pomboo, nyangumi, sili. Huku kwetu tunasema dauphin tu, na bahari yenyewe sijaiona. Nimekitamani tangu asubuhi. Lakini mlinzi wa vitabu kama mimi haruhusiwi kupeleka kitabu nyumbani, tangu yule aliyenitangulia alipowapa wamama wa karanga kurasa wafungie karanga zao. Basi nimefanya kama siku zote. Mu kaye, daftari ya kuazima, nimeandika jina la Mwalimu Banza, kitabu nimekifunga ndani ya kikwembe, kitenge changu. Karibu miaka miwili nafanya hivyo. Yeye anasoma kila kitu, nani atashtuka?

Siku ya tatu, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimefunga kula, kusoma sijafunga.

Pomboo si samaki. Ana damu moto, ananyonyesha. Mtoto akizaliwa, mama anamsukuma juu avute pumzi ya kwanza. Akilala, nusu ya ubongo inabaki macho. Nimemkumbuka marehemu mume wangu, dereva wa treni, naye alilala vile vile, ukimgusa anauliza tumefika wapi. Nimecheka peke yangu.

Kuna na mnyama anaitwa lamantin. Mnene kama kiboko, hana miguu ya nyuma, anaishi mpaka mu mito. Titi lake liko karibu na kwapa, na mtoto amekaza mdomo pale. Picha ya ukurasa mzima. Nimeitazama mpaka sombe, majani ya muhogo, ikaungua jikoni.

Siku ya tano, 7 Machi

Njia ya Msalaba. Nilikwenda na kitabu mu kikwembe, nipitie chumba cha kusoma baadaye nikirudishe kabla mtu hajakiuliza. Kituo cha kumi na mbili mvua ikapiga mabati, watu wakakimbia. Nami nikakimbia. Nimefika nyumbani mikono mitupu. Kitabu kimebaki kwenye benchi la kanisa.



Siku ya posho, Jumamosi 8 Machi

Mama Ngoy njo alikiokota. Kati ya watu wote, yeye.

Binti yake Ngoy alizama Bukama, mu Lualaba, miaka mitatu iliyopita. Mwili haukupatikana. Watu wa kule walimwambia ni mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia, amemchukua awe mtoto wake. Sasa asubuhi anakuja kufagia kanisa, anafungua kitabu, anaona kitu cha majini chenye titi la mwanamke, na mtoto kifuani. Alianguka. Sauti yake niliisikia mpaka nyumbani kwangu.

Komite ya parokia ikakaa saa nne asubuhi. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti akauliza nani alileta hii kitabu mu kanisa, akaomba kaye. Nikaileta kwa mikono yangu. Akasoma: Banza. Mwalimu akasimama, akasema polepole, "Minyi siyabeba hii kitabu." Mwenyekiti akanigeukia mimi. Watu wote wakanigeukia.

Nikasema, "Kaye njo inasema."

Basi. Maneno matatu. Mwalimu alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Mimi ni mwoga. Neno hilo naliandika hapa ili nilione.

Siku ya Mungu, Jumapili 9 Machi

Wakati wa kupeana amani hakuna mkono uliomfikia Mwalimu. Nilikuwa safu mbili nyuma yake. Nilijifanya natafuta wimbo mu kitabu.

Nje ya kanisa maneno yameanza. Huyu si mtu wa Sanga? Kule kwenye ziwa Kisale, kwenye makaburi ya wale bantu ba zamani? Wa kule wanajua mambo ya maji. Miaka tisa amewafundisha wamama wa hapa kusoma, hakuna aliyejali alizaliwa wapi. Padri amesema kitabu hakina neno, ni cha masomo, amekiweka sakristia mpaka watu watulie. Wamemwitikia ndiyo padri, wakaendelea.

Nimekula bukari, ugali wa watu wawili. Aibu kwangu inaleta njaa, sijui kwa wengine.

Siku ya pili, Jumanne 11 Machi

Darasa la wamama. Kumi na wanne wanasoma kwa Mwalimu, kila siku ya pili, mu chumba changu cha kusoma. Leo hata mmoja hakuja. Mwalimu akaandika sentensi yake ubaoni hata hivyo. Akakaa saa nzima mbele ya benchi tupu, akafuta, akakung'uta chaki mikononi. Mimi nilikuwa napanga vitabu vilivyokwisha pangwa.

Akitoka akasema, "Bakiya muzuri, Mama Odette," kama kila siku.

Afadhali angenitukana.

Siku ya ine, Alhamisi 13 Machi

Sikufungua. Nimesema nina malaria. Sina malaria.

Siku ya tano, 14 Machi

Nimesikia kwenye bomba la maji: Mwalimu anarudi Sanga. Komite imemwomba ufunguo wa kabati la chaki, na mwenye nyumba amemwomba nyumba. Nimeacha ndoo pale pale, nimeenda gare, kituo cha treni.

Treni ya Bukama ilitangazwa tangu juzi, haijaonekana. Watu wanapikia kibarazani. Mwalimu amekaa juu ya valizi, sanduku lake la safari, anasoma gazeti la mwaka jana. Nikakaa chini, nikamwambia yote haraka haraka kabla moyo haujarudi nyuma. Jina lake, kaye, vitabu vyote tangu mwanzo, kikwembe, benchi.

Akasema anajua.

Alijua tangu kitabu cha kufuga nyuki, kile cha kwanza. Siku hiyo alifungua kaye kutafuta kitu kingine, akaona jina lake mbele ya kitabu ambacho hakukigusa. Akangoja nikirudishe, akakichukua, akakisoma. Na kilichofuata. Na kilichofuata tena. Kila kitabu nilichoandika kwa jina lake alikisoma nyuma yangu, pale pale mbele ya meza yangu, ili kaye isiwe na uongo. Karibu miaka miwili. Nilidhani ni mzee anayependa kusoma kila kitu. Ni hiki cha dauphin tu hakukiwahi.

Nikamwuliza kwa nini hakusema hivyo mbele ya komite.

"Nilikuwa nangoya weye useme, Mama Odette."

Hakupandisha sauti. Akanigawia karanga zake. Nimelia pale kati ya mabeseni ya samaki wakavu, wamama wa Bukama wakanipisha, wakidhani nimefiwa. Nimemwambia siku ya Mungu nitasimama kanisani niseme, abaki asikie. Akasema treni ikija atapanda, hana tena pa kulala hapa.

Siku ya posho, 15 Machi

Treni imekuja saa tisa mchana. Nilikuwa nafua. Nimekimbia na povu mikononi mpaka gare. Nimeona behewa la mwisho.

Siku ya Mungu, 16 Machi

Baada ya matangazo nimesimama. Nimesema kitabu nilikileta mimi, jina niliandika mimi kwa mkono huu, kwa kitabu hicho na vingine vya nyuma, Mwalimu Banza hana kosa hata moja. Nilitaka kusema samahani, nikakaa kabla ya kuisema.

Mwenyekiti aliningoja mlangoni, akaomba ufunguo wa chumba cha kusoma. Nimempa. Ana haki. Wanawake wamepita pembeni yangu. Mama Ngoy alipita wa mwisho, kichwa chini.

Nilidhani nikisema nitapungukiwa na mzigo. Bado uko pale pale. Mwenye kustahili kusikia alikuwa ameondoka jana.

Siku ya pili, 18 Machi

Nilikuwa nachambua sombe. Mtoto wa jirani akaja: wamama wananiita chumba cha kusoma.

Kumi na mmoja wamekaa kwenye mabenchi, kaye magotini, bila mwalimu. Hakuna aliyewaambia waje; ufunguo wameuomba wenyewe kwa mwenyekiti. Kitabu kiko mezani. Mama Ngoy njo alikwenda kumwomba padri akitoe sakristia, na yeye njo alikifungua, pale pale, picha ile ile. Hakunisalimia. Akasema, "Soma."

Nimesoma Kifaransa, nikaeleza kwa Kiswahili, kidogo kidogo. Lamantin anakula majani ya majini. Hana ubaya kwa mtu. Mtoto anafuata mama miaka miwili hivi, na wakipotezana mu maji machafu wanaitana kwa sauti mpaka waonane. Hapo nikasita. Mama Ngoy akasema niendelee. Nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Akavuta kitabu karibu. Akaweka kidole juu ya picha, akakiacha pale muda mrefu.

"Ananyonyesha tu," akasema.

Kisha akauliza treni ya Bukama itapita lini tena, maana lazima mtu aende Sanga kumwomba Mwalimu arudi, na yeye yuko tayari kwenda. Nikasema tutakwenda wawili. Treni, nikasema, hakuna anayejua.